Maswali yenu: "Nikitoka kwenye mafunjo, nitakula nini?"

Mwezi huu barua nne zimeshikana mikono zenyewe, wala sikuhitaji kuzipanga. Zote zinauliza juu ya mafunjo ya mdomoni mwa mto na watu wanaotaka kuyarudisha. Ya kwanza ni ndefu, na jibu lake litakuwa refu vilevile. Mwenye haraka aruke hadi kwenye mbu.

"Mama, salamu. Nina eka moja na nusu pembezoni mwa mafunjo, kule mto Nyamwamba unakoishia kabla ya kuingia Ziwa George, upande wa nje ya hifadhi. Baba mkwe ndiye aliyeanza kupalima baada ya zile mvua za El Niño za 1998. Mvua nikipanda mahindi, kiangazi nyanya na sukuma. Mwaka mzuri, nikishatoa mbegu, dawa na vibarua, nabaki na milioni 2 na laki 8. Lakini katika miaka mitano iliyopita mto umeingia shambani mara mbili, na kila mara ulinipotezea kama laki 6 nilizokwisha kuzika pale. Sasa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ametukusanya, amekuja na wageni wawili. Wanasema mifereji itazibwa, mafunjo yarudi, na sisi tupewe bwawa la samaki na mbuzi. Wanasema faida ni kubwa kuliko hasara. Nauliza, faida ya nani? Nina watoto wanne shuleni. Nisaini au nisisaini?"
Mama wa watoto wanne, Kasese, Uganda

Mama watoto, hilo "ya nani" lako nimelisoma mara tatu. Nilifanya kazi ya uvuvi serikalini miaka ishirini na sita, nikakaa kwenye vikao visivyo na idadi vya kupima faida na hasara za kurudisha vinamasi. Ubaoni kulikuwa na safu mbili tu: kinachotoka na kinachoingia. Safu ya tatu, ya jina la mwenye mfuko, haikuchorwa. Leo tuichore mimi na wewe.

Tuanze na daftari lako. Umetaja milioni 2 na laki 8, nami najua ndiyo hesabu utakayowatajia wageni, maana hata mimi ningeitaja hiyo. Lakini miaka mitano iliyopita ilikuwa na mitatu mizuri: hiyo ni milioni 8 na laki 4. Toa laki 12 zilizosombwa na mto katika ile miwili, zinabaki milioni 7 na laki 2. Gawanya kwa tano. Shamba lako linakupa milioni 1, laki 4 na elfu 40 kwa mwaka, na humo hujajilipa mgongo wako mwenyewe. Hiyo ndiyo bei ya kukutoa. Ukidai ya mwaka wa neema watakuona mlafi, na wao wakikupa ya mwaka wa mafuriko wamekupunja.

Sasa upande wa pili. Siku moja ukiwa na panga, kata funjo lililokomaa, kisha chimba uking'oe kipande cha mzizi wake, ule unaotambaa mnene kama mkono wa mtoto. Ukamue ule mkeka wa vizizi unaouzunguka. Yatatoka maji, na kiganjani litabaki tope laini kama unga wa muhogo uliolowa. Tope hilo si la pale, limetoka mlimani. Mto ukifika kwenye mafunjo unapoteza mbio, unatua mzigo wake, na mizizi inanyonya mbolea iliyooshwa kwenye mashamba ya juu. Yakiondoka mafunjo, mzigo wote unaenda ziwani. Na ziwa letu ni sinia tu: kilomita za mraba 250 hivi, kina cha wastani kama mita 2 na nusu. Mtu akipanda mabegani mwa mwenzake kichwa kinatokeza. Sinia halichelewi kujaa tope.

Kwetu kuna jingine ambalo wageni huenda hawakulitaja. Baba yangu alikuja Kilembe kuchimba shaba, ndiyo maana mimi Kiswahili nilikikuta nyumbani, cha kambi ya wachimbaji. Mgodi ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982. Mabaki yake yalirundikwa bondeni na karibu na mji, na yale mawe yenye salfa yakinyeshewa hutoa maji machungu yanayobeba shaba na kobalti. Utotoni tulikuwa tukipita sehemu ambako ardhi ina rangi ya kutu na hapaoti hata magugu. Tukiambiwa tusikanyage tunakanyaga. Maji hayo njia yake ni Nyamwamba. Watafiti walishakuta metali hizo ndani ya ziwa na kwenye mafunjo yenyewe, maana yake mafunjo yalikuwa yamesimama katikati yakizuia sehemu yake. Hiyo ni faida kubwa, ila ina makali mawili. Tope lililoshika shaba miaka yote hiyo ukilifukua kuchimba bwawa la samaki, unafukua na shaba. Kwa hiyo kabla ya bwawa lako ombeni udongo upimwe shaba na kobalti, matokeo yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Wakikwambia hakuna bajeti ya kupima, bwawa nalo lisubiri bajeti.

Thamani ya kinamasi kwa pesa ilishapimwa hapa nchini, usidhani ni ndoto za wazungu. Mwaka 1999 wataalamu walihesabu kinamasi cha Nakivubo, kile kinachopokea maji machafu ya Kampala kabla hayajafika Ziwa Victoria, jirani na mtambo wa maji wa Ggaba. Walipata kwamba kazi ya kusafisha maji inafikia hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka, kwa sababu kuifanya kwa mitambo kungegharimu zaidi. Baadaye mayuni (magimbi) na miwa vikazidi kukimega kinamasi, maji ya Ggaba yakazidi kuwa ghali kusafisha, na hiyo ni mojawapo ya sababu mtambo mwingine ulijengwa mbali kule Katosi, Mukono. Sasa angalia safu yetu ya tatu. Aliyefaidika na kinamasi ni mnywaji wa maji wa Kampala. Aliyekilima ni mama wa mayuni ambaye katika zile dola milioni 1.75 hakuonja hata senti. Usimlaumu kwa kulima. Alilima kwa sababu yuni lilikuwa lake na dola hazikuwa zake.

Wewe na mnywaji wa maji mmetofautiana kitu kingine pia, nacho ni saa. Kwenye kikundi chenu cha akiba mnakopeshana kwa riba gani? Cha kwetu ni asilimia 10 kwa mwezi, na watu wanapanga foleni kukopa Februari ada zinapodaiwa. Mtu anayekubali kulipa laki 1 na elfu 10 mwezi ujao ili apate laki moja leo amekwambia waziwazi shilingi ya miaka mitano ijayo kwake ina thamani gani: karibu haina. Serikali haina watoto wanaorudishwa nyumbani kwa ada, inaweza kungoja miaka ishirini. Ukichukua faida ileile ya kinamasi, kwa kalamu ya wizara inapita mtihani, kwa kalamu yako inaanguka, na kalamu zote mbili zimehesabu sawasawa. Mafunjo yenyewe hayachelewi. Mizizi ikiwa bado hai na maji yakirudi, ndani ya mwaka mmoja au miwili yanakupita kichwa. Samaki ndio wanaochelewa. Bwawa lako nalo, hata likienda vizuri, ngege (tilapia) wanataka miezi sita na zaidi kabla ya kuuzwa, na chakula chao kinanunuliwa kila wiki.

Ngoja nikupe kipimo cha pesa za miradi. Mwaka 2017 nchi yetu ilianza mradi mkubwa wa kurudisha vinamasi kusini-magharibi na mashariki. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulitoa dola milioni 24, na kwa michango mingine jumla ikafika milioni 44. Shabaha ilikuwa hekta 76,000, vinamasi pamoja na vilima vinavyovilisha maji. Gawanya mwenyewe: haifiki dola 600 kwa hekta. Ukiigeuza iwe eka, na dola ukiiweka shilingi 3,600, ni kama laki 8 na elfu 40. Eka yako moja na nusu, basi, inapata kama milioni 1 na laki 2 na nusu, mara moja, na humo mna magari, mafuta ya magari, semina na soda za semina. Wewe unaacha milioni 1 na laki 4 kila mwaka. Sijui kama umecheka. Mimi nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza nilifunga daftari nikaenda kupika chai.

Siwatetei wageni, lakini haraka yao ina sababu. Mwaka 1994 ardhi oevu ilikuwa asilimia 15.6 ya Uganda. Kufikia 2019 ilikuwa imeshuka chini ya 9. Na hapa nitakuudhi: eka yako si yako. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema mito, maziwa na ardhi oevu vimeshikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 zikaongeza ukanda wa ulinzi, mita 30 kutoka mto mdogo, 100 kutoka mto mkubwa, 200 kutoka ziwa kubwa. Huwezi kusimama mkutanoni ukadai bei ya ardhi kama mwenye hati. Unachoweza kudai ni muda na njia ya kuishi, na nguvu yako ni kwamba wao wanajua mkulima aliyefukuzwa hurudi usiku.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Kuna wilaya moja mashariki, sitaitaja, tulirudisha kinamasi kwa kishindo. Tuliziba mifereji mwezi wa Aprili, mahindi yakiwa yanatoa ndevu. Kwa nini Aprili? Kwa sababu mwaka wa fedha unaisha Juni na pesa isipotumika inarudi Hazina. Sikuthubutu kupinga, nilikuwa mgeni kituoni. Mahindi yalioza yamesimama. Watu wakapewa vifaranga vya samaki, chakula cha samaki kikaisha ndani ya miezi mitatu, mabwawa yakageuka vidimbwi vya bata. Mwaka wa pili nilirudi kukagua, nikakuta mafunjo mazuri marefu barabarani, picha tukapiga. Nikapitiliza hatua mia mbili ndani kwa miguu. Humo kati palikuwa na uwazi umelimwa mistari safi, na bibi mmoja ameketi kando ya moto. Hakukimbia. Alinichagulia hindi la kuchoma, akalipangusa jivu kwa kanga yake, akanipa. Nikala. Lilikuwa tamu, na kwenye ripoti niliandika kwamba kinamasi kimerudi kwa asilimia mia.

Neno moja juu ya mafuriko, maana najua mmeambiwa mafunjo yatayazuia. Nyamwamba wa Mei 2013 na wa Mei 2020 uliteremsha mawe makubwa kama nyumba na ukaivunja hospitali ya Kilembe. Hospitali ile ilijengwa bondeni juu, mafunjo yako chini. Hata tungekuwa na mafunjo kuanzia hapa hadi Katunguru yasingeiokoa, maji hayapandi kurudi nyuma kuomba msaada. Kinamasi cha mdomoni kinawafaa walio chini: kinatandaza maji, kinapunguza tope, basi. Anayekuuzia zaidi ya hapo anauza. Na mlimani wakiendelea kulima hadi ukingo wa mto, mafunjo mapya yatapokea tope kuliko yanavyoweza kumeza. Mgeni mmoja aende na kule juu.

Nisaini au nisisaini? Saini, Mama, lakini si karatasi hiyo. Waambie unatoa kwanza ile nusu eka iliyo karibu na mto, ambayo nadhani ndiyo inayokula zile laki sita. Mifereji yake izibwe baada ya mavuno ya Januari, kabla ya mvua za Machi. Msaada wa misimu miwili uwe pesa taslimu au chakula, uje kabla ya kuziba. Mbuzi ni mzuri lakini mbuzi hawalipi ada ya Februari isipokuwa umemchinja. Haki ya kukata mafunjo kwa zamu, ya mikeka na ya kuezekea, iandikwe kwa majina yenu ninyi mnaotoka, siyo "jamii", maana jamii ni kila mtu mwenye panga. Eka nzima iliyobaki ijadiliwe baada ya kuona nusu ya kwanza imekwendaje. Na waulize kwa upole kwa nini wanatumia nguvu zote kwenu, ilhali upande wa pili mafunjo ambayo hayajaguswa yanamegwa kila kiangazi. Kulinda yaliyosimama ni rahisi mara nyingi kuliko kuyafufua yaliyokufa. Hilo nalo halileti picha nzuri.

"Mama, mimi ni bodaboda Muhokya. Mafunjo yakirudishwa si mbu watarudi? Mke wangu ameshaugua malaria mara mbili mwaka huu."
Baba wa mapacha, Muhokya

Pole na mgonjwa. Watu wengi watakuapia kwamba kinamasi ni nyumba ya malaria. Kule Kabale watafiti walilinganisha vijiji vilivyo karibu na mafunjo ya asili na vilivyo karibu na vinamasi vilivyolimwa, matokeo yakatoka mwaka 2000. Penye mashamba palikuwa na joto zaidi, karibu digrii moja, na kadiri usiku ulivyokuwa na joto ndivyo mbu wa malaria walivyozidi ndani ya nyumba. Mbu huyo anapenda kidimbwi cha wazi chenye jua: nyayo za ng'ombe, mfereji uliosimama, shimo la matofali. Chini ya mafunjo mazito pana giza na ubaridi. Tofauti yenyewe haikuwa ya kupigia ngoma, na Kabale ni baridi, Muhokya mnachemka, kwa hiyo usiuze neti.

Ninachokiogopa mimi ni mabwawa ya samaki. Bwawa linalotunzwa, kingo zimefyekwa, samaki wanakula viluwiluwi. Likitelekezwa majani yakaota kingoni, ndiyo kiwanda chenyewe. Vidimbwi vya bata nilivyovitaja juu vilikuwa hivyohivyo. Na watoto wasiogelee humo, kuna kichocho.

"Shikamoo Mama. Nasoma mazingira mwaka wa pili, Mbarara. Darasani tumesoma kwamba Marekani wameachana na mradi wa mabilioni ya dola wa kurudisha vinamasi vya delta ya Mississippi. Ikiwa wao wenye pesa wameona haulipi, sisi tunahangaika na nini?"
Mwanafunzi, Mbarara

Marahaba mwanangu. Ulilosoma ni kweli, ila hitimisho umelirukia. Pwani ya Louisiana imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi tangu miaka ya 1930. Mto ulijengewa kuta ili usifurike mjini na mashambani, matokeo yake tope lake likawa linapitiliza na kuzama baharini, vinamasi vikakosa chakula vikadidimia. Mifereji ya wachimba mafuta ikamalizia. Dawa iliyopendekezwa ni kutoboa ukuta mahali pamoja, Barataria, ili maji yenye tope yamwagike kwenye kinamasi kama zamani. Kazi ilianza Agosti 2023, gharama ikakaribia dola bilioni 3, nyingi zikitoka kwenye fidia za mafuta yaliyomwagika baharini mwaka 2010. Julai 2025 jimbo likaufuta.

Gharama ilichangia, lakini soma waliokuwa wanapiga kelele ni akina nani: wavuvi wa chaza na kamba. Maji ya mto ni matamu, na chaza huishi kwenye maji yenye chumvi kidogo. Ungemwaga mto mle chaza wangekufa. Ardhi ambayo ingejengwa ilikuwa ya watu wa miaka hamsini ijayo, chaza ni wa mvuvi wa leo. Ni yule mama wa eka moja na nusu, isipokuwa huyu ana boti lenye injini na wakili.

Usisahau pia kwamba ugonjwa wao na wetu ni tofauti. Wao wanatafuta tope, sisi tunalikimbia. Ukitaka pa kujifunza soma delta ya mto Senegal. Bwawa la Diama lilimalizika 1986, likakata pumzi ya delta: bahari haikuingia tena, na mafuriko ya msimu hayakufika upande wa Mauritania, ardhi ikakauka ikawa chumvi tupu. Mwaka 1991 wakatangaza hifadhi ya Diawling, na kuanzia 1994 wakawa wanafungua milango na kuachia maji kwa msimu, kuigiza mafuriko ya zamani. Samaki wakarudi, na majani ambayo wanawake wa kule husukia mikeka yakaota tena. Hawakupanda kitu, walirudisha kalenda ya maji. Ng'ambo ya pili, kwenye maji matamu yaliyotulia mwaka mzima nyuma ya bwawa hilohilo, magugu yalisonga mto na kichocho kikalipuka katika mji wa Richard-Toll, upande wa Senegal. Maji ni yale yale ya mto mmoja. Andika tasnifu yako juu ya kalenda, utanishukuru.

"Mama, sisi ni wavuvi wa mwalo mmoja wa Ziwa George. Tumesikia wakulima wanataka tuwachangie wakitoka kwenye mafunjo, eti samaki wataongezeka. Kwani samaki si wa Mungu? Tulipe kwa nini?"
Wenye mitumbwi saba

Ndugu zangu, barua yenu ilinifikia siku moja na ya yule mama, nikadhani mmeandikiana.

Mafunjo yatawafaa, hilo sina shaka nalo. Kambare na mamba wanatagia kwenye maji machache ya ukingoni mwa kinamasi. (Kwa wasomaji wa pwani: mamba wa kwetu ni samaki mwenye mapafu, anajizika topeni kiangazi. Yule mwenye meno tunamwita hivyohivyo pia, ndiyo maana mgeni akialikwa kula mamba hukosa usingizi.) Ngege wachanga nao hujificha pembezoni, humo ndani samaki wakubwa hawawafikii. Ila msidanganyike kwamba mafunjo peke yake yatajaza beseni. Nyavu za macho madogo ninazoziona zikianikwa mwaloni kwenu alfajiri zinameza kila kitakachozaliwa humo. Mkulima aache mahindi ili ninyi mvue vifaranga? Hapo hata mimi nisingeacha.

Mnauliza mlipe kwa nini. Mvuvi ndiye mtu wa kwanza ambaye faida ya mafunjo inamfikia mkononi, kabla ya wizara na kabla ya mtalii. Hao watalii pesa yao ina njia tayari: kwa sheria, asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo, na wakulima wana haki ya kuuliza fungu lao liko wapi mwaka huu. Ya samaki haina njia. Nimefikiria hivi: mitumbwi saba, kila mmoja utoe shilingi 2,000 kwa kila siku ya kuvua, kwa siku 20 za mwezi. Ni laki 2 na elfu 80 kwa mwezi, zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Hizo zinatosha kumlipa mama yule nusu eka yake, ambayo ukigawa hesabu yake ni laki 4 na elfu 80 kwa mwaka, na majirani zake watano wa mfano wake, kisha inabaki ya kumlipa mtu wa kulinda mifereji isifunguliwe. Mlipe miaka mitatu tu, mkipima samaki kwa mzani uleule kila wiki tangu leo, kabla ya mfereji wa kwanza kuzibwa. Bila kipimo cha leo, mwaka wa tatu mtabaki kubishana nani anakumbuka vizuri. Wasipoongezeka mnaacha, na mama naye yuko huru kurudi mkutanoni kudai upya.

Elfu mbili ni bei ya soda na chapati pale mwaloni, nimeuliza. Kaeni na wakulima chini ya mti, siyo ofisini, mwafikiane nani atashika daftari na nani atashika mzani, wasiwe mtu mmoja. Mimi mmeniomba niwe mshika daftari nami nimekataa: mjukuu wangu anauza ngege hapo kwenu, beseni la bluu, la pili ukitoka kwenye mizani.